Bomba la Moshi Halivushi Mto

Popote unaponisikia, jikoni, gereji, au ndani ya gari lililosimama kusubiri maji yapungue barabarani, leo tuzungumze habari ya pikapu za dizeli, mabomba yake ya moshi, na maji ya mvua.

Masika yanapokaribia, mafundi wetu hupata kazi ya aina moja. Mwenye pikapu analeta gari na kusema: fundi, nikatie sailensa, niwekee bomba nene, lipandishe juu nyuma ya kebini, maana huko niendako kuna mito. Fundi anakata, anachomelea, anapaka rangi ya kuhimili joto. Gari linatoka likinguruma, na mwenyewe anaondoka akiamini amenunua uwezo wa kuvuka. Mimi nasema hakuununua. Nitaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, kwa sababu imani hii inaua injini za mamilioni ya shilingi na, lililo baya zaidi, inawapeleka watu kwenye mito ambayo wasingethubutu kuiingia.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huvuta hewa tupu ndani ya silinda, pistoni huikandamiza hewa hiyo mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli hurusha dizeli na mafuta yakawaka kwa joto hilo peke yake. Ndiyo maana gari la zamani la petroli likirukiwa na maji kwenye waya za plagi huzima, wakati dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida huendelea kunguruma hata ikiwa imelowa. Sifa hiyo ni ya kweli, na hapo ndipo wengi walipopata kusema kwamba dizeli haiogopi maji.

Lakini kule kukandamiza kunakoipa dizeli nguvu ndiko kunakoihukumu. Chukua Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, gari tunaloliona kila wilaya: la doria, la wagonjwa, la mashirika, la watalii. Injini hiyo ina silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, yaani karibu 694 kwa kila silinda. Hewa iliyojaa silinda hubanwa zaidi ya mara 22. Piga hesabu, msikilizaji. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 32, sawa na vijiko viwili vikubwa vya chakula. Hewa hukubali kubanwa humo. Maji hayakubali. Yakiingia zaidi ya vijiko hivyo viwili katika silinda moja, pistoni inagota kabla ya kufika juu, huku krenki ikiendelea kuisukuma kutoka chini. Lazima kitu kisalimu amri, na mara nyingi ni konrodi. Inapinda, au inavunjika na kutoboa bloku. Safari imeishia hapo, na injini pia.

Sasa tujiulize: maji hayo hupitia wapi? Injini hiyo ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa kuvukia, huvuta zaidi ya lita 2,500 za hewa kila dakika. Hewa yote hiyo hupitia mdomo mmoja, ambao katika pikapu nyingi umefichwa ubavuni juu ya tairi la mbele, au nyuma ya taa. Mdomo huo ukizama kwa sekunde moja tu, injini itavuta maji kwa nguvu ile ile iliyokuwa ikivutia hewa. Vijiko viwili vinapatikana kabla dereva hajainua mguu.

Bomba la moshi liko mwisho wa pili wa njia hiyo, na huko injini inasukuma nje. Maji ya kina cha sentimita 70 yakilala juu ya mdomo wa ekzosi, shinikizo lake halifiki hata sehemu ya kumi ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Moshi wa injini inayozunguka vizuri hulishinda. Tazama pikapu ikivuka mto na utaona mapovu yakichemka nyuma yake: huo ni moshi ukijifungulia njia. Kwa hiyo bomba la kiwandani, likiwa zima na halijatoboka, linatosha kabisa kwa kina ambacho gari liliundwa kukivuka. Kitabu cha Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015 kinataja sentimita 70. Ford Ranger inatajiwa sentimita 80. Tairi la 7.50R16 la Land Cruiser lina kimo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo unapoyaona maji yamefika karibu na juu ya tairi, umefika mwisho wa ruhusa, hata kama bomba lako limepanda hadi mawinguni.

Hatari ya bomba la moshi huja injini inapozima ndani ya maji. Hapo kusukuma kumekwisha. Maji hupanda ndani ya bomba, hujaza sailensa, na gari likiwa limeinamisha mkia, au maji yakiwa marefu ya kutosha, yanaweza kufika kwenye vali iliyobaki wazi. Atakayeniambia kwamba amepandisha bomba kwa ajili ya hali hiyo, nitamsikiliza. Gari la uokoaji linalosimama majini muda mrefu, au linalofanya kazi ndani ya mto siku nzima, lina sababu ya kufanyiwa hivyo. Ila aangalie jambo moja. Hata bomba linalotokea juu ya paa, sehemu yake kubwa bado inapita chini ya chasisi. Kama kuna kiungo kilichochomelewa vibaya, gasketi iliyoungua au tundu la kutu huko chini, maji yataingilia hapo mara tu injini ikizima. Anayetaka bomba la juu aanze kwa kuziba la chini.

Wengine watasema: mimi sikukata sailensa kwa ajili ya mto, nilitaka nguvu. Tulipime na hilo. 1HZ haina turbo. Nguvu yake inatawaliwa na hewa inayoweza kujivutia yenyewe na dizeli inayopimwa na pampu. Ukiitoa sailensa, kinachoongezeka kwa hakika ni kelele. Injini yenye turbo ni tofauti kidogo, kwa kuwa turbo huzungushwa na moshi, na njia pana baada ya turbo huisaidia kupumua na kupunguza joto la moshi. Faida hiyo ipo. Lakini bila kurekebisha kiasi cha dizeli, ni ndogo, na fundi anayekuahidi gari jipya kwa kukata bomba peke yake anakuuzia mlio.

Tena pikapu za kisasa zinazoletwa zikiwa zimetumika ng'ambo huja na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha injini hulipasha moto wa karibu nyuzi 600 ili yaungue. Likiziba, wengi huamuru litobolewe au litupwe. Naelewa sababu: chujio jipya ni ghali, na safari fupi fupi za mjini haziliruhusu kujisafisha. Lakini zamani tulikuwa na udhuru wa dizeli chafu yenye salfa nyingi. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeingia kwenye kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na udhuru huo umepungua. Na masizi yasiyochujwa hayapotei. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Nani anayeuvuta moshi huo? Katika nchi zetu pikapu hubeba watu nyuma. Kina mama wanaotoka gulioni na mizigo yao, vibarua, wanafunzi, na wakati mwingine mgonjwa. Bomba lililopandishwa nyuma ya kebini linatokea kwenye vichwa vyao, na chuma chake kina joto la kuunguza mkono wa mtoto atakayekishika gari likiyumba. Bomba lililokatwa katikati ya chasisi linapuliza moshi chini ya miguu yao. Kabla hujamwambia fundi akate wapi, fikiri nani anakaa pale.

Msikilizaji, nimesema pesa hazipaswi kwenda kwenye bomba la moshi. Basi ziende wapi? Nitakutajia kwa mpangilio.

Kwanza, njia ya hewa. Weka snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa. Na ukiiweka, ihakikishe. Nyingi zinazouzwa ni mapambo: plastiki ya nje ni nzuri, lakini ndani kiungo hakijazibwa, na kasha la chujio bado lina tundu la kutolea maji upande wa chini. Ipime hivi. Washa injini ikiwa mlio wa chini, kisha mtu azibe kichwa cha snokeli kwa ubao bapa, siyo kwa mkono. Injini inapaswa kuhangaika na kuzima. Ikiendelea kunguruma bila wasiwasi, inapata hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Pili, vipumulio. Difu ya mbele, difu ya nyuma, giaboksi na sanduku la kugawa nguvu, vyote vina kijitundu cha kupumulia. Umetembea saa mbili, mafuta ya difu yamechemka, halafu unaitumbukiza difu ndani ya maji baridi. Hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa ghafla, na difu huvuta. Kama kipumulio kiko chini ya maji au kimeziba kwa tope, itavuta maji kupitia kwenye sili. Wiki mbili baadaye unafungua nati ya difu na mafuta yanatoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, beringi zimeanza kulia, na hukumbuki hata ule mto. Dawa yake ni mpira mwembamba wa bei ndogo, uliofungwa kwenye kila kipumulio na kupandishwa hadi juu ndani ya boneti. Kazi ya nusu siku. Gari lisilokuwa nayo halijaandaliwa kwa maji, hata liwe na matairi ya aina gani.

Tatu, feni na umeme. Feni inayozunguka kwa kasi ikikutana na maji, mapanga yake hujipinda kuelekea mbele na yanaweza kukata rejeta. Ndiyo sababu madereva wenye uzoefu hufunga turubai mbele ya grili, ili maji yasimiminike moja kwa moja. Na kama pikapu yako ni ya kompyuta, ile sifa ya dizeli kutoogopa maji usiitegemee tena. Pampu zake husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kufikia mara 2,000 la hewa ya kawaida, nozeli zake hufunguliwa kwa umeme, na kila sensa ina plagi yake ya waya inayoweza kuloa. Kwenye chujio la dizeli pia kuna sehemu ya kutenganisha maji. Ifungue uyamwage, kwa sababu nozeli hizo hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji huzila.

Sasa tufike mtoni. Ukifika, simama. Acha gari lipoe kwa dakika kadhaa, ili chuma cha turbo na bomba kilicho moto sana kisikutane na baridi ya ghafla kikapasuka. Wakati linapoa, fanya kazi ya macho. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, nao hawakuwa na pikapu. Waulize wenyeji. Tazama wengine wanavukia wapi na maji yanawafika wapi. Mto usio na mamba wala viboko, na usiokwenda kwa kasi, upime kwa miguu na fimbo ndefu, ukitafuta mashimo na mawe. Kama huwezi kuupita kwa miguu kwa sababu maji yanakusukuma, umeshapata jibu, na jibu hilo linahusu gari pia.

Ukiamua kuingia, tia gia nzito, ya kwanza au ya pili, madirisha yakiwa wazi ili kila mtu apate pa kutokea. Ingia polepole, kisha shika mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mwendo huo hujenga wimbi mbele ya bampa na kuacha bonde la maji pale penye boneti, na bonde hilo ndilo linaloilinda injini. Ukienda kasi, unalivunja wimbi na kuyarukia maji kwa boneti. Ukisimama, wimbi linakurudia. Usibadilishe gia katikati, maana kukanyaga klachi ndani ya maji kunapitisha maji na mchanga kwenye sahani zake, na injini inapoteza mwendo wakati unapouhitaji zaidi.

Injini ikizima katikati, ondoa mkono kwenye swichi. Hili naomba ulishike kuliko mengine yote. Kama gari limekunywa maji, kupiga stata ndiko kunakopinda konrodi iliyokuwa ingali nzima. Watoe watu, livute gari nje, fungua chujio la hewa. Likiwa limelowa, ng'oa nozeli au plagi za kupashia moto, kisha zungusha injini ili maji yarushwe nje kupitia matundu hayo. Angalia na mafuta ya injini kama yamebadilika rangi. Injini iliyotendewa hivyo mara nyingi huwaka tena. Na ukivuka salama, usiende zako tu: kanyaga breki kidogo kidogo zikauke, na ukifika gereji angalia mafuta ya difu na giaboksi, na upige grisi.

Yote niliyoyasema mpaka hapa yanahusu maji yaliyotulia. Zile sentimita 70 na 80 za vitabuni ni za maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda ni jambo jingine. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, ambayo imewafundisha wananchi wake kwa miaka mingi juu ya mafuriko, inasema sentimita 60 za maji yanayokwenda zinatosha kuchukua magari mengi, pikapu na magari makubwa ya familia yakiwemo. Tia maanani hapo: sentimita 60 ni pungufu ya kina ambacho kitabu kimekuruhusu. Injini inapumua vizuri, snokeli imezibwa, difu haijaingiza hata tone, na bado gari linaondoka. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Tena gari linapoanza kuelea, matairi yanapoteza uzito wa kushikia chini, na nguvu za magurudumu manne hazina pa kukamata.

Tumeyaona kwetu. Desemba 2021, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, Mto Enziu ulikuwa umefurika juu ya daraja. Basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kupita, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lilikuwa basi, zito kuliko pikapu yoyote. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga. Barabara ya Nairobi kwenda Garissa ilifunikwa na maji wakati wa mvua za mwisho wa 2023, na tena 2024. Katika hali kama hizo lami yenyewe inaweza kuwa imeondoka chini ya maji, na dereva anayeyatazama maji ya kahawia hawezi kujua kama mbele yake kuna barabara au korongo.

Ndiyo maana nasema bomba lile linalonguruma lina madhara makubwa kuliko gharama yake. Linampa mtu moyo mahali ambapo angehitaji shaka. Dereva mwenye gari lisilopambwa husimama ukingoni akauliza. Mwenye gari lililopambwa huhisi wenzake wanamtazama kuona kama atavuka.

Na dereva hayuko peke yake. Nyuma yake kuna bosi anayepiga simu kuuliza kwa nini mzigo haujafika. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho si ya madereva. Ni yenu wenye magari, wakuu wa idara, mashirika na halmashauri zenye pikapu za kazi. Andikeni katika kanuni zenu kwamba dereva aliyesimama mtoni akasubiri hatakatwa posho wala kuulizwa kwa ukali. Mpeni pesa ya kulala njiani. Tengeni fungu la vipumulio na snokeli kabla ya fungu la urembo. Na ninyi wenye dhamana ya barabara, simikeni nguzo zenye alama za sentimita kwenye kila kivuko kinachofurika, ili mtu asome kina akiwa ndani ya gari lake, badala ya kukikisia. Nguzo ya zege yenye rangi nyeupe na nyekundu ni rahisi kuliko injini moja, na bei yake si kitu ukiilinganisha na uhai wa mtu mmoja.

Kama mko njiani na maji yamejaa, subirini.